Kwenda Ogwedhi kwa gari: Panga safari, ufike na urudi ukiwa mzima

Na Mwandishi Wetu wa Afya

LIKIZO ya Desemba inapobisha hodi, mazungumzo katika nyumba nyingi za Nairobi huwa ni yale yale. Tutakwenda nyumbani lini? Nani atabaki na ufunguo wa nyumba? Nyanya tumpelekee nini? Na kama umejaliwa kuwa na gari, au shemeji amekubali kukuazima lake, kuna swali jingine ambalo aghalabu halizungumzwi: je, miili yetu iko tayari kwa safari hii?

Watu wa Ulaya ambao kila mwaka hufunga nyumba zao wakati wa kiangazi na kuvuka nchi mbili tatu kwa gari wamelifanya jambo hili kuwa elimu. Ufaransa, kwa mfano, sheria humtaka kila mwenye gari abebe koti linaloakisi mwanga na pembe tatu ya kuonya. Ujerumani hudai hata sanduku la huduma ya kwanza. Sisi nasi tuna safari zetu ndefu, na hatari zake twazijua, ila mara nyingi tunazikumbuka tukiwa tayari tumekwama njiani.

Leo tuchukue mfano wa safari moja: kutoka Nairobi hadi Ogwedhi, soko lililo katika Kaunti ya Migori kwenye mpaka wa Trans Mara, mahali ambapo Waluo na Wamaasai huuziana na kununuliana bidhaa. Hata kama wewe waelekea Rongo, Ndhiwa, Mbita au Homa Bay mjini, mengi yaliyomo humu yatakufaa, kwa kuwa sehemu kubwa ya njia ni moja na magonjwa ya huko yanafanana.

WIKI TATU KABLA

Maandalizi ya afya huanza mapema kuliko ya mizigo. Wiki mbili au tatu kabla ya safari, mtembelee daktari wako au kituo cha afya kilicho karibu, hasa ikiwa katika msafara wenu kuna mtoto mchanga, mama mjamzito, mzee, au mtu anayetumia dawa kila siku.

Jambo la kwanza la kuzungumzia ni malaria. Nairobi iko juu, na wengi wa watoto waliozaliwa na kulelewa huku hawajawahi kuumwa na mbu mwenye viini vya ugonjwa huo. Maeneo ya Ziwa Victoria ni tofauti kabisa. Uchunguzi wa kitaifa uliofanywa mwaka wa 2020 ulionyesha kwamba katika eneo hilo, karibu watoto 19 katika kila 100 waliopimwa walikuwa na malaria. Ni huko huko, Ndhiwa katika Kaunti ya Homa Bay, ambako chanjo ya malaria ilizinduliwa nchini Septemba 2019.

Mtoto wa binamu yako aliyekulia Ogwedhi ameumwa mara nyingi na mwili wake umejifunza kupigana kiasi. Mwanao wa Umoja au Lang'ata hana kinga hiyo. Mbu mmoja huyo huyo anaweza kumwacha binamu akicheza mpira na kumlaza wako hospitalini. Wewe mwenyewe pia, ikiwa umeishi jijini miaka kumi, usijidanganye kwamba kwa kuwa ulizaliwa huko bado una ile kinga ya utotoni. Kinga hupungua mtu anapokaa mbali.

Muulize daktari kama familia yako inahitaji dawa za kumeza za kuzuia malaria. Zipo za aina kadhaa. Baadhi huanza kumezwa siku moja au mbili kabla ya safari, nyingine wiki mbili au zaidi, na karibu zote huendelea kumezwa baada ya kurudi. Kuna zisizofaa wajawazito na kuna zisizofaa watoto wadogo, kwa hiyo usiazime za jirani. Mtoto mwenye ugonjwa wa selimundu, ambao ni wa kawaida katika familia nyingi za eneo la ziwa, asisafiri kabla ya kuonwa na daktari. Malaria, baridi na ukosefu wa maji mwilini vyote vinaweza kumletea maumivu makali.

Jambo la pili ni dawa za kila siku. Wenye shinikizo la damu, kisukari, pumu, kifafa, na wanaotumia dawa za kupunguza makali ya virusi vya Ukimwi, wabebe dozi za siku zote za likizo na za wiki moja zaidi. Barabara inaweza kufungwa na mvua, au matanga yakakuzuia. Usione haya kumweleza mhudumu wa kliniki yako kwamba wasafiri; hiyo ni sehemu ya kazi yake. Dawa hizo zikae kwenye mkoba ulio karibu nawe, si ndani ya buti chini ya magodoro.

Insulini haipendi joto. Usiiweke juu ya dashibodi wala katika gari lililofungwa juani. Ukifika nyumbani kusiko na jokofu, chungu cha udongo kitakusaidia: weka chungu kidogo ndani ya kikubwa, jaza mchanga katikati, mwagia mchanga maji kila siku, kisha hifadhi dawa ndani ya chungu kidogo ikiwa imefungwa vizuri na kufunikwa. Hewa ya ndani itabaki na ubaridi kuliko ya nje.

Jambo la tatu ni bima. Tangu Oktoba 2024, Halmashauri ya Afya ya Jamii, SHA, imechukua mahali pa NHIF. Hakikisha kwamba wote mmeandikishwa, watoto pia, na kwamba vitambulisho viko mfukoni.

GARI NALO LINA AFYA YAKE

Mpelekee fundi gari siku chache kabla, si usiku wa kuamkia safari. Breki, magurudumu, taa zote, vipangusa mvua, maji ya rejeta na mikanda ya viti ndivyo vya kutazamwa kwanza. Gurudumu la akiba liwe na upepo, na jeki iwe inafanya kazi. Zile pembe tatu nyekundu ambazo madereva huziita laifseva ziwe mbili, nawe ujue mahali zilipo.

Ikiwa kuna harufu ya moshi ndani ya gari, usisafiri kabla haijatafutwa chanzo chake. Moshi wa injini una hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, ambayo huanza kwa kuumiza kichwa na kuleta usingizi. Abiria wakilala fofofo, wenzao hudhani ni uchovu tu.

Sanduku la huduma ya kwanza si anasa. Weka bendeji, pamba safi, plasta, mkasi, glavu, dawa ya kuosha vidonda, dawa ya maumivu, kipima joto, pakiti kadhaa za chumvichumvi za kuchanganya na maji, yaani ORS, na tochi yenye betri mpya.

ONDOKA ASUBUHI, FIKA KUNGALI MCHANA

Kutoka Nairobi hadi Migori kupitia Narok na Kisii ni kati ya kilomita 350 na 400, kisha kuna mwendo wa kuacha barabara kuu kuelekea upande wa Trans Mara. Ukihesabu na mapumziko, hiyo ni siku nzima. Ipangie siku nzima.

Ratiba nzuri ni hii. Ondoka saa kumi na mbili asubuhi, mwanga ukianza kuonekana. Ukishuka ukingo wa Bonde la Ufa kuelekea Mai Mahiu, tumia gia ndogo na uache nafasi kubwa mbele yako, kwa maana malori huku hupata moto wa breki, na ukungu wa Limuru huchelewa kuondoka. Hapo kando ya barabara kuna lile kanisa dogo lililojengwa na wafungwa wa vita wa Kiitaliano mwaka wa 1942. Watoto wakitaka kuliona, tafuta mahali pa usalama pa kuegesha. Ni mapumziko mafupi mazuri.

Kufikia saa tatu uwe Narok, kama kilomita 140 kutoka Nairobi. Hapo kunyweni chai na mnyooshe miguu. Saa tano hivi mko Bomet. Kutoka hapo mwapita Kaplong, Sotik na Keroka, nchi ya majani ya chai na migomba, hadi Kisii kwa chakula cha mchana. Kisha Rongo, Awendo kwenye mashamba ya miwa, na Migori. Saa kumi na moja jioni nyanya awe anawaona mkiingia langoni.

Kwa nini tunasisitiza mchana? Kumbuka Agosti 2013. Basi lililokuwa likisafiri usiku kutoka Nairobi kuelekea Homa Bay lilipinduka Ntulele, si mbali na Narok, na watu zaidi ya 40 wakapoteza maisha. Wengi wao walikuwa wakienda nyumbani kama wewe. Usiku kuna ng'ombe barabarani, kuna matuta yasiyo na alama, na karibu na Awendo kuna trela za miwa ambazo huenda hazina taa hata moja. Shirika la Afya Duniani lasema kwamba ajali za barabarani huua watu wapatao milioni 1.19 duniani kila mwaka, na ndizo zinazoongoza kwa kuua watoto na vijana wa kati ya miaka 5 na 29.

Mvua nayo usiidharau. Machi 2018 barabara ilipasuka karibu na Suswa baada ya mvua kubwa, na Aprili 2024 mafuriko yaliua makumi ya watu karibu na Mai Mahiu. Maji yakivuka barabara, usijaribu kuyapima kwa gari lenye watoto. Simama mahali palipoinuka, ungoja, au urudi. Maji ya kina kifupi yenye nguvu huweza kulibeba gari dogo.

USINGIZI NI ADUI ASIYEBISHA HODI

Madereva wengi huamini kwamba usingizi waweza kuzuiwa kwa kujikaza. Si kweli. Ubongo uliochoka hujizima wenyewe kwa sekunde mbili au tatu bila kukuomba ruhusa. Kwa mwendo wa kilomita 100 kwa saa, sekunde tatu ni zaidi ya mita 80 ambazo gari limekwenda bila dereva.

Watafiti waliolinganisha uchovu na pombe waligundua kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo huwa mzito wa kutenda kama mtu aliyekwisha kunywa. Sasa mfikirie yule anayetoka kazini Ijumaa jioni, anafunga mizigo hadi saa sita usiku, kisha anashika usukani saa tisa. Hajagusa hata tone la pombe, lakini hafai kuendesha.

Dalili ni hizi: kupiga miayo mfululizo, macho kuwasha, kutokumbuka kilomita chache ulizopita, kuyumba hadi ukingoni mwa lami, na hasira ndogondogo kwa abiria. Ukiziona, egesha mbali na barabara, kunywa kikombe cha kahawa au chai ya rangi, kisha lala dakika 15 au 20. Ukiamka dawa ya kahawa itakuwa imeanza kufanya kazi. Kufungua dirisha na kuongeza sauti ya redio hakutoshi.

Miraa na muguka si tiba ya uchovu. Huficha usingizi tu, na siku unapolipa deni hilo huwa ghafla. Vilevile jihadhari na dawa za mafua, za mzio na za kutapika; nyingi huleta usingizi. Dereva asizimeze kabla ya kumwuliza mfamasia.

Huko Ulaya, sheria humlazimisha dereva wa lori au basi kupumzika dakika 45 baada ya kuendesha saa nne na nusu. Wewe usiye na mtu wa kukulazimisha, jilazimishe: simama kila baada ya saa mbili. Kama mna madereva wawili, pokezaneni. Na kama mmechelewa kuondoka, laleni Bomet au Kisii. Gharama ya chumba kimoja ni ndogo kuliko ya jeneza.

WATOTO, MIGUU NA TUMBO

Mkanda wa kiti ni wa kila mtu, hata aliyeketi nyuma. Kanuni za marehemu waziri John Michuki, zilizoanza kutekelezwa mwaka wa 2004, zilitufundisha kufunga mikanda ndani ya matatu, lakini katika magari yetu ya nyumbani twasahau. Mtoto aketi nyuma, na aliye mdogo awe katika kiti chake maalumu. Hakuna mama mwenye mikono ya kumzuia mtoto aliyepakatwa gari likigonga kitu. Hali kadhalika, jembe, jiko na mtungi wa gesi visilale nyuma ya vichwa vya watu. Gari likisimama ghafla huruka.

Kichefuchefu cha safari hutokea macho yanapotazama kitu kilichotulia, kama kitabu au simu, huku masikio ya ndani yakihisi gari likipinda. Mfundishe mtoto kutazama mbali nje ya dirisha, mpe hewa, na kabla ya safari mpe chakula chepesi kama mkate au ndizi. Viazi vya kukaanga na soda asubuhi ni kuomba msiba. Mifuko na kitambaa chenye maji viwe karibu.

Miguu pia ina haki yake. Uchunguzi wa Shirika la Afya Duniani uliotolewa mwaka wa 2007 ulionyesha kwamba kuketi safarini zaidi ya saa nne, iwe ni kwa ndege, basi au gari, huongeza kama maradufu hatari ya damu kuganda katika mishipa ya miguu. Kwa mtu mwenye afya hatari hiyo bado ni ndogo. Lakini kwa mjamzito, aliyejifungua majuzi, aliyefanyiwa upasuaji au mwenye uzito mkubwa, si ya kupuuzwa. Kunywa maji, zungusha vifundo vya miguu, na utembee kila mnaposimama. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, au kifua kikibana ghafla, nenda hospitalini siku hiyo hiyo.

Usiogope kunywa maji kwa sababu ya kukosa choo. Vituo vikubwa vya mafuta Narok, Bomet na Kisii vina vyoo. Chakula cha njiani kiwe cha moto, kilichopikwa mbele yako. Mahindi ya kuchoma, ndizi mbivu na maparachichi ya Kisii ni salama na ni matamu, mradi mikono imeoshwa.

HOSPITALI ZA NJIANI

Ziandike kwenye karatasi, kwa sababu simu inaweza kuishiwa na moto. Karibu na Mai Mahiu, juu ya ukingo, kuna hospitali ya misheni ya Kijabe. Narok kuna hospitali ya rufaa ya kaunti. Karibu na mji wa Bomet kuna Tenwek, inayojulikana kwa upasuaji. Kisii kuna hospitali ya mafunzo na rufaa. Migori kuna hospitali ya rufaa ya kaunti na ile ya misheni ya St. Joseph, Ombo. Nambari za dharura ni 999 au 112.

Ukikuta ajali, kwanza linda eneo: washa taa za kuonya, weka laifseva mbali nyuma ya gari. Usimvute majeruhi kwa nguvu isipokuwa moto au maji yanamtishia. Anayetoka damu nyingi, bonyeza jeraha kwa kitambaa safi bila kuachia hadi msaada ufike.

MMEFIKA: SASA FUNGENI VYANDARUA

Furaha ya kufika huwa kubwa. Kuku anachinjwa, majirani wanakuja, na watoto wanacheza nje hadi giza linaingia. Hapo ndipo mbu waenezao malaria wanapoanza kazi, nao hufanya kazi hadi alfajiri.

Usidhani mwenyeji ana chandarua cha ziada. Beba vyenu, vilivyotiwa dawa, pamoja na kamba na misumari. Jioni watoto wavae mikono mirefu na suruali, na wapakwe mafuta ya kufukuza mbu. Bibi mjamzito alale ndani ya chandarua kila usiku bila kukosa, kwani malaria humdhuru yeye na aliye tumboni.

Maji ya kunywa yachemshwe hata kama kisima kinang'aa. Kaunti ya Migori imewahi kupata milipuko ya kipindupindu, na mgeni ndiye tumbo lake huwa jepesi. Mtoto akiharisha, mpe ORS mara moja. Zikikosekana, changanya lita moja ya maji yaliyochemshwa, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazishwa, umpe kidogo kidogo. Akizidi kulegea, macho yakizama, au kinyesi kikiwa kama maji ya mchele, usingoje kesho.

Huku mpakani utakaribishwa maziwa mabichi yaliyotoka kukamwa. Yashukuru, kisha yachemshe. Maziwa mabichi huweza kuleta homa ya maziwa ya mifugo, iitwayo brusela, ambayo humchosha mtu miezi mingi na mara kwa mara hudhaniwa kuwa malaria. Nyama iwe iliyokaguliwa. Mnyama aliyekufa mwenyewe haliwi, hata nyama yake ikigawiwa bure. Kimeta kimeua watu kwa njia hiyo.

Kwa wanywaji: pombe isiyojulikana ilikopikwa ni ya kuepukwa. Ikitiwa methanoli, humpofusha mtu au kumuua kwa usiku mmoja.

MATEMBEZI YA KUFURAHISHA

Likizo si kuogopa magonjwa tu. Mwili hupona kwa kucheka, kutembea na kulala bila kengele ya saa. Mkiwa huko, pangeni siku moja au mbili za kutembea.

Upande wa kaskazini-magharibi wa mji wa Migori kuna Thimlich Ohinga, kuta za mawe zilizopangwa bila saruji na wazee wa karne zilizopita, ambazo mwaka wa 2018 ziliandikwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Vaeni viatu vilivyofungwa. Kwenye mawe na nyasi ndefu kunaweza kuwa na nyoka. Homa Bay kuna mbuga ya Ruma katika bonde la Lambwe, wanakopatikana korongo, aina ya swara asiyeonekana kwingine nchini. Bonde hilo lilisifika zamani kwa mbung'o na ugonjwa wa malale. Habari njema ni kwamba mwaka wa 2025 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kuwa malale si tishio tena kwa afya ya umma nchini Kenya. Mbung'o bado wapo, kwa hiyo msivae nguo za buluu au nyeusi, rangi zinazowavuta. Rusinga nako kuna kaburi la Tom Mboya.

Ziwa litawavutia watoto. Watazame, wale samaki, lakini wasioge. Konokono wa ufukweni hubeba viini vya kichocho, ambavyo hupenya ngozi ya mtu aliye majini. Dalili huweza kuchelewa wiki kadhaa au miezi. Ikiwa mtoto amekwisha ingia, mweleze daktari mkirudi; ugonjwa una dawa.

Na kwa kuwa Migori na Trans Mara ni nchi ya wachimba dhahabu, waonye watoto wasikaribie mashimo. Mengine huachwa wazi, na mvua ikinyesha hujaa maji.

KURUDI NI NUSU YA SAFARI

Wengi hupanga kwenda, hawapangi kurudi. Gari lililokuja na nguo hurudi na gunia la mahindi, mkungu wa ndizi na kuku wawili. Gari zito hukawia kusimama na magurudumu yake hupata moto. Ongeza upepo kama kitabu cha gari kinavyoagiza, punguza mwendo, na ukatae kwa heshima mzigo usioenea. "Mama, nitautuma kwa basi," si tusi.

Rudini angalau siku mbili kabla ya kazi na shule kuanza, ili usije ukakimbizana na Jumatatu.

HOMA BAADA YA LIKIZO

Hapa ndipo tunakuomba usome mara mbili.

Malaria haiji siku ile ile ya kuumwa na mbu. Kwa kawaida huchukua kati ya siku saba na wiki mbili, na wakati mwingine zaidi. Maana yake ni kwamba mtoto aliyeumwa Ogwedhi usiku wa kuamkia mwaka mpya anaweza kurudi shuleni Nairobi akiwa mzima, kisha katikati ya Januari akaamka na kichwa kinauma, joto, kutapika na kukosa hamu ya chakula. Mwalimu atasema ni mafua. Mzazi atanunua dawa ya maumivu dukani. Siku mbili baadaye mtoto anatetemeka au anapoteza fahamu.

Kwa hiyo, kwa miezi mitatu baada ya kurudi, homa yoyote ni malaria hadi damu itakapopimwa na kuonyesha vingine. Nenda hospitalini siku hiyo hiyo, na neno la kwanza kumwambia daktari liwe: "Tulikuwa Migori." Daktari wa Nairobi huona mafua mengi kuliko malaria, na maneno hayo mawili humpa njia. Kipimo cha kwanza kikikosa viini na homa ikaendelea, omba kipimo kingine siku inayofuata.

Usinunue klorokwini wala kumeza mabaki ya dawa ya mwaka jana. Viini vya malaria vilikwisha kuizoea klorokwini zamani. Tiba ya kawaida ya malaria isiyo kali leo ni mchanganyiko wa artemether na lumefantrine, dozi sita kwa siku tatu, humezwa pamoja na chakula. Zimalize zote hata ukijihisi umepona siku ya pili. Mtoto anayetapika kila kitu, anayetetemeka kwa degedege, aliyelegea au anayepumua kwa shida anahitaji kulazwa, si vidonge vya nyumbani.

Kata kipande hiki, ukibandike kwenye mlango wa kabati ukifunga mizigo. Kisha wapigie watu wa nyumbani uwaulize wanahitaji nini kutoka mjini. Safari njema, msomaji, na utusalimie nyanya.